BARAZA LA NYUMBANI: Kijana Ajibuye Salamu kwa Ukweli

Juma hili tumeiweka kando habari ya kuhifadhi unga wa muhogo tuliyowaahidi, kwa kuwa imetufikia barua isiyofaa kungojeshwa. Aliyeiandika ni mama wa kambini, mke wa sajini, naye ameomba jina lake lisitajwe. Ombi lake tumelikubali.

Mwanawe wa kiume ana miaka 16. Shuleni hushika nafasi za mbele katika hesabu, na halipiti langoni lori hata moja ambalo hawezi kulitaja aina yake, mwaka lililotengenezwa na idadi ya silinda zake. Lakini, asema mama, hajui kukaa na watu. Mwezi uliopita mke wa mkuu wa kikosi aliwakaribisha chakula, akauliza kwa furaha kama pilau imewapendeza wageni. Kijana akajibu kwamba chumvi imezidi na nyama haikuiva. Babu yake alipomwuliza habari za nyumbani, alimweleza kwa utaratibu kwamba baba na mama waligombana Jumanne juu ya karo, wakaacha, wakaanza tena Alhamisi. Akipita mahali watu wanakula, nao wakamwambia karibu, huketi akala. Wenzake wakimwambia tutaonana baadaye, huweza kusimama chini ya mti ule ule mpaka jua lichwe. Baba amempiga mara nyingi akiamini kwamba huo ni ujeuri, na sasa asema kwamba kijana akitimiza miaka 18 atapelekwa jeshini ili kwata imnyooshe. Mama auliza: mwanangu ni mjeuri, ni mgonjwa, au amerogwa?

Mama mpendwa, gazeti si hospitali, wala hatuwezi kumpima mtu kwa barua ya kurasa mbili. Lakini uliyoyaeleza yanafanana sana na hali ijulikanayo kwa madaktari, nayo yafaa uielewe kabla ya fimbo nyingine kuinuliwa.

Tuanze na lile la kurogwa, tulimalize. Hakuna aliyemroga. Wala wewe hukukosea katika kumlea. Katika miaka ya 1950 na 1960 walikuwako wataalamu wa Ulaya na Marekani waliofundisha kwamba watoto wa namna hii huharibiwa na mama wasio na upendo. Akina mama wengi walilia kwa ajili ya fundisho hilo, nalo limekwisha kutupwa. Leo yajulikana kwamba mtu huzaliwa hivyo, na kwamba aghalabu jambo hili hupita katika damu ya ukoo. (Huenda Bwana Sajini akamkumbuka ami yake mmoja aliyependa saa na redio kuliko harusi.)

Hali hiyo iliitwa hali ya Asperger, nayo ni sehemu ya usonji, ambao wengine huuita otizimu. Mwaka 1944 daktari wa watoto wa mji wa Vienna, Hans Asperger, aliandika habari za wavulana 4 waliokuwa na maneno mengi ya kikubwa na ujuzi wa ajabu wa jambo moja moja, lakini wasioweza kuchanganyika na wenzao. Aliandika kwa Kijerumani, tena vita vilikuwa vikiendelea, hivyo maandishi yake hayakusikika mbali. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa London, ambaye mwenyewe alikuwa na binti mwenye usonji, aliyaeleza kwa Kiingereza na kuipa hali hiyo jina la Asperger. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameliacha jina hilo, na Shirika la Afya Duniani halilitumii tena katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kazi mwaka 2022. Yote sasa huitwa usonji tu. Jina lenyewe limeingia doa pia. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha, kutoka katika mafaili ya zamani ya Vienna, kwamba Asperger aliwahi kupeleka watoto katika jumba la Am Spiegelgrund, ambako chini ya utawala wa Wanazi watoto waliohesabiwa kuwa hawafai waliuawa. Waliokufa humo walikuwa 789. Hata hivyo wako watu wengi walioambiwa na madaktari wao kwamba wana hali ya Asperger, nao bado hujiita hivyo; kwa ajili yao tunalitumia jina hilo hapa.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu. La hasha. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha taarifa ya watoto wenye usonji aliowakuta katika miji ya nchi kadhaa za Afrika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji wa namna moja au nyingine. Kwa hesabu hiyo, penye watu 1,000, wake na watoto pamoja, yapata 8 wako hivyo. Wengi wao hawajapimwa. Wanaitwa wajeuri, wapumbavu, au wenye maringo.

Sasa tulitazame jambo lenyewe, maana ndilo aliloliulizia mama: kwa nini mtoto mwenye akili ya silinda asiwe na akili ya salamu?

Kila askari ajua neno la siri la zamu ya usiku. Mlinzi hutamka neno, nawe hujibu kwa neno jingine, kisha hupita. Mlinzi hakutaka kujua habari ya neno hilo. Alitaka kujua kama wewe ni wa kwetu. Salamu zetu nyingi ni za namna hiyo. Mtu aulizaye habari za nyumbani hataki taarifa ya nyumba. Ataka kusikia neno nzuri, hata kama mtoto ana homa, na habari ya homa itafuata baadaye kwa sauti ya chini. Asemaye karibu chakula mara nyingi ataka kusikia asante, nimeshiba. Asemaye nitakuja kesho pengine hakusema lolote ila kwaheri. Hatukufundishwa hayo na mwalimu yeyote. Tuliyaokota tukiwa mgongoni mwa mama zetu, kama tulivyookota lugha yenyewe, na kwa sababu hiyo twadhani yanaonekana na kila mwenye macho.

Kwa mtu wa hali ya Asperger hayaonekani. Kwake swali ni swali, ahadi ni ahadi, na karibu maana yake ni karibu. Uso uliokunjwa, sauti iliyobadilika kidogo, jicho la mama linalosema nyamaza, yote hayo humpita kama ishara za bendera zimpitavyo raia. Kisha watu hucheka, au hukasirika, naye hajui amekanyaga wapi. Wengi walioandika habari zao wenyewe wamesema kwamba hilo ndilo lililowaumiza kupita yote: adhabu ilikuja daima, na kosa halikutajwa.

Yuko mmoja ambaye kisa chake chastahili kusimuliwa. Ni Tim Page wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1954, mwandishi wa habari za muziki, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1997 alipokuwa katika gazeti la Washington Post. Alikuwa na miaka 45, tayari ni mtu mashuhuri, alipoambiwa mwaka 2000 kwamba ana hali ya Asperger. Mwaka 2007 alieleza maisha yake katika jarida la New Yorker, na mwaka 2009 katika kitabu. Akiwa darasa la pili walipelekwa matembezi katika mji wa Boston, kisha wakaamriwa kuandika insha. Yeye aliandika habari ya basi na barabara: njia zipi zilifuatwa wakati wa kwenda na zipi wakati wa kurudi. Mambo waliyopelekwa kuyaona aliyagusa kidogo tu. Mwalimu alikasirika hata kalamu yake nyekundu ikatoboa karatasi alipokuwa akiandika kwamba mtoto aende kumwona. Mtoto hakufanya mzaha. Alieleza kwa uaminifu kile alichokiona kuwa kikubwa. Mama mwenye kijana wa malori ataielewa insha hiyo upesi kuliko mwalimu yule.

Na alipokuwa kijana, Page alikutana na kitabu cha adabu cha Emily Post, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1922, kitabu ambacho vijana wenziwe wangekicheka: namna ya kumjulisha mgeni, namna ya kushukuru, namna ya kuanza mazungumzo. Kwake kilikuwa kama kanuni za jeshi mikononi mwa kuruta. Kwa mara ya kwanza aliiona sheria imeandikwa, tena pamoja na sababu yake: kwamba adabu yatakiwa kwa ajili ya kumstarehesha mwenzako. Akajifunza, na baadhi ya maisha yakafunguka. Si yote. Kitabu chake alikipa jina la ule mchezo wa watoto wadogo waketio bega kwa bega, kila mmoja na kichezeo chake, wasichezeane. Ndivyo alivyojiona maishani, kando ya watu wala si pamoja nao. Lakini yatosha kuonyesha kwamba kilichomkosesha rafiki si ukosefu wa moyo.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Humwona kijana ameketi peke yake, wakasema hapendi watu. Hulia kwa siri. Humwona hakutoa machozi mazishini, wakasema hana huruma, kumbe amekwisha kuchota maji ya waombolezaji tangu alfajiri, kwa kuwa maji anayajua na maneno ya pole hayajui. Kumtazama mtu machoni, ambako sisi twakuhesabu kuwa uaminifu, wengine wao husema ni kazi nzito kama kutazama jua: waweza kutazama, au waweza kusikiliza, lakini si yote mawili pamoja. (Na wazee wetu wengi hawapendi kijana awakodolee macho, kwa hilo angalau watoto hawa wana nafuu kwetu kuliko Ulaya.) Kelele za kantini, redio tatu kwa pamoja, harufu ya mafuta ya kukaangia, mkono wa mtu begani bila taarifa, yote huingia kwa nguvu moja, bila chujio.

Wako pia waliojifunza kuigiza. Hasa wasichana. Huangalia mwenzao apendwaye, wakaiga kicheko chake na namna yake ya kushika kikombe, nao hupita bila kutambuliwa miaka mingi. Arudipo nyumbani msichana huyo hulala chini sakafuni kama askari aliyetembea maili 30, na mama akauliza, umechoshwa na nini, nawe ulikuwa harusini tu?

Tumesikia mara nyingi kwamba watu hawa hawawaelewi wengine. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanaelimu ya jamii wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliuliza swali la haki kabisa: na hao wengine, je, wanawaelewa? Alisema kutoelewana ni kwa pande mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha jaribio lao. Waliweka watu katika misururu ya watu 8. Wa kwanza akapewa hadithi amsimulie wa pili, wa pili amsimulie wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Misururu ya watu wasio na usonji iliifikisha hadithi vizuri. Misururu ya watu wenye usonji watupu iliifikisha vizuri vile vile. Palipochanganywa wa namna mbili, hadithi ilipotea zaidi njiani. Kila askari wa simu ajua kwamba ujumbe ukipotea kati ya vituo viwili, haifai kukamata kituo kimoja tu na kukitia hatiani.

Sasa, Bwana Sajini, tunasema nawe kwa heshima. Fimbo imeshindwa kwa miaka 16, na sababu yake ni hii: fimbo husema umekosa, haisemi umekosa nini. Na lile shauri la jeshi si baya lote, lakini umelishika kwa upande usiofaa. Uwanja wa gwaride waweza kumfaa kijana huyu kuliko wengi, kwa kuwa pale amri ni wazi, saa inajulikana, cheo huonekana begani, na salamu ina namna moja tu. Jeshi la Israeli tangu mwaka 2013 lina mpango wa kuwatumia vijana wenye usonji kuzisoma picha zilizopigwa kutoka angani, kwa kuwa jicho lao hukamata badiliko dogo ambalo mwingine hulipita. Lakini mwisho wa gwaride kuna bweni, na katika bweni kuna utani, makelele, na wale waonao furaha kumtuma mgeni akaombe ndoo ya mvuke stoo. Kijana wa malori ataenda, ataomba, na kesho watamtuma tena. Mtu asiandikishwe jeshini kama adhabu. Akitaka mwenyewe, akiwa amekwisha pimwa na daktari na kujua hali yake, hilo ni shauri jingine.

Ninyi askari polisi mliomo katika baraza hili, kuna jambo lenu pia. Kijana huyu karibu atatembea peke yake mjini usiku, nanyi mtamsimamisha. Hatawatazama machoni. Mkimwuliza, unajua kwa nini nimekusimamisha, atajibu sijui, kwa sababu hajui. Mkimwambia, unanichezea, atajibu la, sichezi. Pengine atayarudia maneno yenu kama mwangwi, au atatikisa mikono, au atakimbia mkipiga filimbi karibu na sikio lake. Hizo zote katika mafunzo ya kawaida huhesabiwa kuwa dalili za mtu mwenye hatia. Mwezi Julai 2016 huko North Miami, Marekani, mtu mwenye usonji alikuwa ameketi njiani akiwa na gari la kuchezea mkononi. Aliyepiga simu alidhani ni bunduki. Mlezi wake alilala chini, mikono juu, akiwapigia kelele polisi kwamba ni kichezeo tu. Askari mmoja alifyatua risasi, ikampata mlezi mguuni. Baadaye alisema alimkusudia yule mwenye usonji. Mlezi alipona, lakini jambo lenyewe lilichukua dakika chache. Punguza sauti, zima taa ya kumulika usoni, toa amri moja kwa maneno machache, kisha ngoja. Ngoja kuliko ulivyozoea, kwa kuwa jibu linakuja, ila linakuja kwa miguu.

Mama, kwako haya. Mpeleke kijana katika hospitali kubwa yenye kliniki ya akili ya watoto na vijana, na uwaeleze tangu alipoanza kusema mpaka leo. Usinunue dawa kwa mtu aahidiye kuuondoa usonji. Dawa hiyo haipo, na baadhi ya zinazouzwa huumiza. Nyumbani, usimwambie uwe na adabu, kwa kuwa hujamwambia kitu. Mwambie kama amri ya kazi, na sababu yake: mgeni akiuliza habari za nyumbani, jibu nzuri, kwa maana anakuonyesha urafiki, hakuombi taarifa, magomvi ya baba na mama ni mali ya nyumba hii, hayatoki. Aliyepika akiuliza kama chakula kimependeza, sema ahsante kwa kutupikia. Hilo la mwisho litamridhisha, kwa sababu si uongo. Watu hawa wengi huchukia uongo kuliko njaa. Atakuuliza maswali mengi juu ya kanuni hizo, na mengine yatakutia aibu, maana utagundua kwamba nasi hatujui kwa nini twafanya tufanyavyo. Jibu unaloweza.

Baada ya sherehe mpe saa moja ya peke yake, wala usiihesabu kuwa kununa. Wenzake waambiwe wataje saa, si baadaye. Na tafuta katika karakana fundi mmoja mzee, mpole, asiyependa maneno mengi, umwombe ampokee kijana Jumamosi. Mara nyingi urafiki wa watu hawa huanza pale watu wawili wanapoitazama injini moja, si wanapotazamana wao kwa wao.

Juma lijalo, inshallah, unga wa muhogo hautaahirishwa tena, pamoja na jibu kwa koplo aliyeuliza juu ya mtoto akojoaye kitandani.